Noti Zilizoliwa na Mchwa

Niliingia benki kuu ya nchi yetu kwa sababu ya foleni. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati Burundi na Rwanda zilipoachana katika mambo ya fedha. Hadi hapo tulikuwa tunatumia noti zilezile, sisi na wao, kama tulivyoachiwa na Wabelgiji. Sasa kila nchi ilitaka zake, na kwetu noti za zamani zikaanza kugongwa jina la Burundi kwa wino mweusi. Redio ikatangaza kwamba mwenye noti zisizogongwa azipeleke benki kuu zikabadilishwe kabla muda haujaisha.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Buyenzi, na wiki ile alikuwa na kanzu za Idi za kumaliza. Hakuweza kuacha mashine. Akanifungia pesa zake zote ndani ya kitambaa, akakikaza fundo kwa meno, akaniambia:

"Wende we. We ndiye ulisoma. Na usizungumuze na mutu njiani."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na kuhusu kutozungumza, foleni ile haikuniruhusu. Mmoja alisema serikali itachukua nusu ya kila mtu. Mwingine alisema wino ule utatoka kwa jasho na noti itakuwa haifai tena. Mzee mmoja wa msikitini kwetu alikuwa amekuja bila pesa yoyote, kuangalia tu kama ni kweli.

Nilipofika kwenye gishe, dirisha la kupokelea pesa, nikaona, nyuma ya kioo, wanawake wanne wamekaa kwenye meza ndefu. Vichwa chini, mikono mbele, wanachambua noti kama mtu anavyochambua mchele: hii huku, hii kule. Nikasahau hata kufungua kitambaa. Aliyekuwa gishe alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linameta. Alizihesabu pesa za baba, akanirudishia zilizogongwa, noti kwa noti.

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu. Ulitaka nikupunguzie?"

"Apana, mzee. Na wale wanawake, ile kazi yao mutu anaipata namna gani?"

Aliniangalia kwa muda, watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia kwa masista. Akasema, "Kesho kutwa leta cheti chako. Watu hawatutoshi."

Huyo ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wangu wa kazi. Siku ile alikuwa ameshuka kusaidia gishe kwa sababu ya umati. Kazi yake hasa ilikuwa kusimamia chumba cha kuchambua. Sote tulimwita Shefu, na sijawahi kumwita vinginevyo. Alikuwa Mrundi wa Gihosha, aliyeanza kama karani mdogo wakati wa Wabelgiji. Yeye alituita sisi wasichana "mademuazeli", kwa heshima zote, hata pale alipokuwa anatugombeza.

Wakubwa wa benki walikuwa wakishuka kutoka Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani, kwa magari yao. Sisi wachambuzi tulifika kwa miguu, tukavua pete na bangili mlangoni, tukavaa makoti ya buluu yasiyo na mfuko hata mmoja. Kisha tunakaa. Kila asubuhi benki za biashara zilileta noti zilizorudi kutoka madukani na sokoni, nasi tunazitenga: nzima zinarudi kufanya kazi, zilizochoka zinatobolewa na kusubiri kuchomwa. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kitambaa cha baba, kwa hiyo nilijua karatasi iliyochoka kabla macho hayajaiona. Noti zilikuwa na harufu ya mahali zilikotoka. Za bandarini zilinuka mafuta, za sokoni zilinuka samaki, za wenye kahawa zilinuka moshi wa jikoni.

Siku ya kwanza Shefu alinipeleka kwenye mlango wa chuma ambao nyuma yake zilikaa noti mpya. Akaniuliza:

"Humo ndani kuna pesa ngapi?"

Nikasema mimi nitajuaje, labda mamilioni.

"Hakuna hata franga moja. Humo kuna karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Inakuwa pesa siku inapotoka mlango ule, kwa sababu siku hiyo tumemwahidi mtu kitu. Ikirudi kwetu, inakuwa karatasi tena. Ukielewa hilo, mademuazeli, hutatamani kuiba. Nani anaiba karatasi?"

Nilicheka, lakini sikuelewa. Nilielewa baadaye kidogo, kwa njia ya uchungu, serikali ilipopunguza thamani ya franga. Kitambaa ambacho baba alikuwa akinunua kwa Mhindi kikapanda bei ghafla. Baba alinisubiri mlangoni.

"Nyiye kule kwenye banki mumefanya nini? Mutu anataka suruali kwa bei ya mwaka jana, na kitambaa kiko bei ya mwaka kesho!"

 Kesho yake nikalipeleka swali kwa Shefu, na hakulicheka. Alichukua karatasi akachora gunia la kahawa. Akanieleza kwamba kahawa yetu ikiuzwa ng'ambo inaleta dola, dola zinakaa kwenye akaunti ya benki kuu, na Mhindi anayetaka kuagiza vitambaa lazima aje kununua dola hizo kwa franga. Franga zikiwa nyingi mitaani na dola ni chache, kila dola itagombaniwa, na mwisho itabidi kusema ukweli: franga moja hainunui tena ilichokuwa inanunua jana.

"Basi tuchape franga nyingi zaidi, tumpe kila mtu," nikasema.

"Baba yako ana mita kumi za kitambaa. Ukiwapa wateja wake pesa mara mbili, mita zitakuwa ishirini?"

"Apana."

"Zitakuwa kumi, kwa bei mara mbili. Mwambie hivyo."

Nilimwambia. Baba alikanyaga mashine kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyo mutu anajua kushona?" Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kazini nilikuwa na mwaka wa tatu hivi wakati jirani yetu alipopatwa na balaa la mchwa.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kikongo kutoka upande wa Uvira, aliyevuka mpaka wakati wa vita vya kwao akiwa na watoto wawili na sufuria moja. Kufikia wakati huo alikuwa na meza yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na watu walimheshimu. Yeye na akina mama wengine tisa walicheza likelemba: kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi, na mmoja wao anachukua chote, zamu kwa zamu. Pamoja na hiyo, waliweka akiba ndogo ya pembeni kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Akiba hiyo aliishika yeye. Aliiweka katika sanduku la mbao chini ya kitanda, limegusa ukuta, na kwa kuwa kwa miezi mingi hakuna aliyeugua sana wala kufa, hakulifungua.

Siku aliyolifungua, mtoto wa mmoja wa wale mama alikuwa amelazwa. Jioni, nilipotoka kazini, nilisikia sauti ya jirani nikiwa uani kwetu. Hakulia kwa kelele. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Mungu wangu, Mungu wangu," kama mtu anayehesabu. Nilipoingia nikamkuta chini, na mbele yake tonge la udongo na karatasi. Mchwa walikuwa wamepita ukutani, wakatoboa mbao, wakala.

"Bamama watasema nini?" akaniuliza. "Watasema muchwa wa miguu mbili. Mi ni mukimbizi, mutoto wangu. Mi sina ndugu hapa. Sina kitu ingine, niko na jina tu."

Alikuwa tayari amekwenda asubuhi kwenye benki moja ya biashara mjini. Karani wa pale alimwambia akawashie nazo moto wa kupikia. Nikamwambia asitupe hata chembe, aweke yote kwenye ungo, afunike na kitambaa, na kesho tuondoke pamoja.

Usiku ule sikuogopa kwa ajili yake tu. Niliogopa kwa ajili yangu pia. Mfanyakazi wa chumba cha kuchambua kuleta noti zilizoharibika za jirani yake: nilijua inavyoonekana, kana kwamba nimeziiba kwenye zile za kuchomwa. Kwa hiyo asubuhi, kabla sijavaa koti, nilikwenda moja kwa moja kwa Shefu nikamweleza yote.

"Ni ndugu yako?" akauliza.

"Ni jirani. Lakini nimekula kwake."

"Umefanya vizuri kuniambia kabla. Leo hutagusa noti yoyote, wala zake wala za mwingine. Utakaa karibu na huyo mama, utamtafsiria. Mikono yako iwe mahali ninapoiona."

Ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizofanya kazi pale. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao, ungo magotini, kama amekuja kliniki. Shefu alivua saa, akakunja mikono ya shati, akamwita mchambuzi mzee kuliko sisi wote awe shahidi. Wakaanza kuloweka tonge lile kwa sifongo, kidogokidogo, na kutenganisha vipande kwa kibano juu ya kioo. Mimi nilikalia mikono yangu. Niliona kabisa kipande kimoja kinakwenda wapi, na Shefu hakukiona, na sikuweza kusema wala kunyoosha kidole. Alikiona mwenyewe baada ya robo saa.

Alikuwa anamuuliza mama maswali kwa Kirundi, nami natafsiri. Zilikunjwa mara ngapi? Za mia ziliwekwa juu au chini? Nani alizifunga uzi? Mama alijibu kila kitu bila kusita, hata rangi ya uzi. Mchambuzi mzee alipotoa kipande cha uzi mwekundu kwenye udongo, akakiweka mezani, Shefu aliinua macho akamwangalia mama kwa namna nyingine.

Sheria ilikuwa hii: noti ikibaki zaidi ya nusu, na namba ikasomeka, inalipwa yote. Ikibaki pungufu, hailipwi kitu. Walipokuwa wanasubiri vipande vikauke, mama aliuliza:

"Mukisha kunipa feza mupya, hizi za muchwa mutafanya nazo nini?"

"Tutaandika namba zake, halafu tutazichoma," Shefu akasema.

"Mutachoma feza?"

"Moja inakufa, moja inazaliwa. Hesabu ya noti zilizo mikononi mwa watu inabaki ileile. Sisi hatukupi zawadi, mama. Tulikuahidi, na tunatimiza."

Mama alifikiri. "Na ile banki ingine ya mujini, feza ya watu wanaweka wapi? Chini ya kitanda?"

"Wanaacha kiasi kwenye sanduku lao, kiasi wanakileta hapa kwetu, na nyingine wanawakopesha wenye malori na wenye kahawa. Hao wanarudisha na kitu juu yake."

"Kumbe nao wanacheza likelemba."

Shefu alicheka, na kabla ya siku ile sikujua kwamba anaweza kucheka kwa sauti. "Ndiyo, mama. Likelemba kubwa. Na benki kuu ndiyo yule mama anayeshika sanduku, wengine wote wanamwangalia mikono."

"Basi mi nawahurumia," mama akasema. "Ile kazi ni mubaya."

Jioni hesabu ilikuwa imekamilika. Katika noti arobaini na moja, thelathini na nne zilikubaliwa. Saba zilikataliwa. Moja kati ya hizo saba ilikuwa karibu nusu kabisa. Nilimwona Shefu akiipima kwa rula mara tatu. Sikujizuia.

"Shefu, ni unywele tu umepungua."

"Na nusu nyingine iko wapi?"

"Tumboni mwa mchwa."

"Mimi na wewe tunaamini hivyo. Lakini nikilipa isiyofika nusu, kesho mtu atakata noti moja vipande viwili na kunidai mara mbili, na atakuwa na haki. Mwambie mama kwamba nasikitika." Akasimama, akamgeukia, akamwambia mwenyewe kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi: "Mama, nasikitika."

Ningeweza kusema kwamba shukrani yangu inaishia hapo, na ingetosha. Lakini Shefu alipokuwa anavaa saa yake aliuliza swali ambalo mimi, jirani, sikuwa nimelifikiria.

"Wenzake watamwamini? Noti mpya mtu anaweza kukopa popote."

Akakaa tena. Akapiga mashine ya kuandika yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, barua kwa Kifaransa: kwamba mama huyu alifika na noti arobaini na moja, kwamba zilikuwa zimeliwa na mchwa, kama watu wawili walivyoona kwa macho yao, kwamba thelathini na nne zimelipwa na saba hazikuweza kulipwa kwa sababu hii na hii. Akatia sahihi, mchambuzi mzee akatia sahihi, na juu yake kashe, muhuri wa benki. Hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya hivyo. Kengele ya kutoka ilikuwa imeshalia, na kwao Gihosha ni kupanda mlima.

Jumapili akina mama wote kumi walikaa uani kwetu. Nilisoma barua ile sentensi kwa sentensi, Kifaransa kwanza kisha Kiswahili, maana walitaka kusikia zote mbili.  Kisha mmoja wao, muuza mawese, aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wengine sokoni, alinyoosha mkono akaichukua. Hakujua kusoma. Aliigusa kashe kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga.

"Huyu mutu wa banki alikaa siku muzima anaunganisha vipande vyetu?"

"Siku nzima, mama," nikamwambia. "Nilikuwa pale."

Jirani yangu alikuwa ameshafungua kitenge chake kiunoni. Alitaka kulipa zile saba kutoka kwenye mtaji wa ndagala. Alikuwa ameanza kuhesabu. Muuza mawese akamshika mkono.

"Apana. Muchwa haikukula feza yako. Ilikula feza yetu."

Wakagawana hasara sawasawa, pale pale, na mtoto aliyelazwa akalipiwa dawa kesho yake. Jirani yangu hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyemkataza. Baba yangu, ambaye hakuwa na neno katika shauri lile, alizima mashine yake mpaka wakamaliza.

Jumatatu mama alinipa kapu la ndagala kavu nimpelekee Shefu. Shefu alinirudisha nalo mlangoni: mfanyakazi wa benki kuu hapokei zawadi. Nilikuwa nimeshageuka kwa aibu aliponiita tena, akauliza kapu kama hilo sokoni ni bei gani. Nikamtajia. Akatoa pesa, akazihesabu mbele ya mlinzi, akanunua kapu. Mama alipopokea pesa zile alishangaa sana, akasema hajawahi kuona mtu mgumu namna hiyo, na tangu siku hiyo Shefu alikuwa mteja wake kila mwezi, kupitia kwangu.

Baada ya hapo wale kumi waliipeleka akiba yao kwenye kaisi ya akiba, benki ya watu wa akiba ndogo, kitabu kimoja chenye alama za vidole gumba vitatu. Walikwenda wote siku ya kwanza, wamevaa vitenge vya sikukuu, na kila mmoja aliuliza swali lake kwenye gishe. Nasikia karani wa pale alichoka.

Miaka iliyofuata katika nchi yetu haikuwa myepesi. Kuna wenzangu wa meza ile walioondoka na hawakurudi, na sitawaandika hapa kwa mistari miwili. Wanastahili zaidi ya hapo. Shefu alibaki mpaka alipostaafu, akajenga nyumba ndogo Gasenyi. Nami kufikia wakati huo nilikuwa nimeolewa, nina watoto, na kiti chake nilipewa mimi.

Nilipanda kumtembelea Jumapili moja. Nilimkuta kwenye maharage, jembe mkononi, shati jeupe bado limepigwa pasi. Mkewe akaniletea maziwa. Nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa barua ile ya mchwa.

"Barua gani?"

Nikamkumbusha. Akakunja uso, akajaribu kwa adabu, lakini nikaona kwamba hakumbuki. Alikuwa ameandika nyingi, akasema. Za mchwa, za moto, za mtu ambaye mbuzi wake alikula mshahara. Basi nikamsimulia yote tangu mwanzo: ungo, uzi mwekundu, muuza mawese akiinua kashe kwenye mwanga. Alisikiliza kama habari ya mtu mwingine. Nilipomaliza akamgeukia mkewe, akamweleza kwa Kirundi, na mkewe akapiga makofi mara mbili.

Kisha akaniuliza kama wasichana wapya wanajifunza haraka, na kama bado tunaloweka kwa sifongo au wameleta dawa fulani kutoka Ulaya. Tukazungumza kazi mpaka jua likapungua makali. Alinisindikiza hadi barabarani, na njiani alichuma maharage mabichi, akanijazia mkoba. Nilimkumbusha kwamba mfanyakazi wa benki kuu hapokei zawadi.

"Mimi sina noti za kuleta kwako ubadilishe," akasema. "Pokea."

Nikapokea kwa mikono miwili.